Maboga Mbele ya Duka la Dawa

Mtu aliyeniharibia mguu wa kulia alifunga duka lake la dawa siku ya gulio, watu wakiwa wamejaa, kwa sababu ya boga. Nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda upande wa pili wa njia, madumu yangu ya mafuta ya alizeti pembeni, nikamtazama akishusha kibao, akipanga chupa kwenye maboksi, akifunga kufuli na kulivuta kuona kama limeshika. Sikumwonea huruma. Mguu uliwaka asubuhi ile kama kawaida yake, nikauambia moyoni: tazama na wewe, maana kazi hii ni yako.

Nirudi nyuma ili nieleweke.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, vitu vilipoanza kurudi madukani. Sisi wa Singida mjini, watoto wa wafanyabiashara, tulishangaa kuona sabuni ya rangi tatu, betri za redio, mitumba ya kuchagua. Dawa nazo zikatoka zahanati zikaingia sokoni. Kila gulio likawa na duka la dawa. La gulio la Mtinko, nilikouzia mafuta, lilikuwa la mwanamume mmoja wa makamo aliyewahi kuwa mhudumu wa zahanati. Kazi yake huko ilikuwa kuchemsha sindano na kupiga deki. Serikali ilipopunguza wafanyakazi naye akapunguzwa, na mwaka haujaisha amepaka duka rangi nyeupe, amevaa koti jeupe, na watu wanamwita daktari. Hakuwakataza.

Sitasema watu wa Mtinko walikuwa wajinga. Zahanati haikuwa na dawa, yeye alikuwa nazo. Na sote tuliamini jambo moja, wasomi kwa wasiosoma: kidonge ni cha kujaribia, dawa ni sindano. Mgonjwa aliyerudi nyumbani na vidonge tu alihesabiwa kuwa hajatibiwa. Kwa hofu ya ugonjwa mpya uliokuwa unaua vijana, kila nyumba ilinunua bomba lake la sindano, likafungwa kwenye kitambaa safi na kuwekwa ndani ya kikombe juu ya kabati. Unaumwa, unabeba kikombe chako, unakwenda. Tulijiona werevu sana.

Mimi nilikuwa nimeolewa na mfanyabiashara wa vitunguu, na kila gulio nilipanda gari la mizigo kutoka mjini kwenda Mtinko kuuza mafuta ya alizeti. Siku hiyo homa ilinishika njiani. Nilipofika nilikuwa natetemeka na jua linawaka. Nilitaka sindano ili niuze siku hiyo hiyo.

Sasa niseme jambo ambalo mwanamume hawezi kulijua kama hakuambiwa. Mwanamke wa kwetu mwenye mume huvaa shanga kiunoni, na shanga hizo ni za macho ya mume peke yake. Kwa hiyo katika duka lile hakuna mwanamke aliyeteremsha nguo kutoka juu. Wenzako wawili walikushikia kanga iwe pazia, wewe ukaegemea kaunta, ukapandisha gauni kutoka chini. Ulionyesha kipande kidogo tu, pale tako linapoishia na paja kuanza, na juu yake ukakamata nguo kwa nguvu shanga zisionekane. Yule mtu alichoma alipoonyeshwa. Hakuwahi kumwambia mwanamke hata mmoja, "Hapana mama, si hapo." Angesema hivyo tungeona haya, tungekwenda duka jingine.

Sindano ilipoingia, kabla hajasukuma dawa, umeme ulishuka nyuma ya paja langu, ukapita kwenye shavu la mguu, ukatokea kidole gumba. Nilipiga yowe.

"Toa! Toa!"

"Tulia dada," alisema. "Mtu mzima analia sindano?"

Wanawake walioshika kanga walicheka. Akasukuma.

Nilivuka njia kurudi kwenye madumu yangu, ndala ikanitoka mguuni nisijue. Mtu aliniita nyuma, "Mama mafuta, kiatu chako hiki!" Nilipotazama chini niliona vidole vinaning'inia. Niliviamuru vipande juu. Havikupanda.

Homa ilipona. Kilichobaki ni mguu. Upande wa nje wa wayo ukawa hauna habari na mimi, ukiugusa ni kama unagusa mguu wa mtu mwingine. Lakini juu ya wayo na pembeni ya shavu paliwaka. Sijapata mfano wake ulio sawasawa. Wakati mwingine ilikuwa kama uji wa moto uliomwagika na haupoi. Wakati mwingine siafu. Shuka likigusa tu, nilikuwa nauma mto. Na upepo wetu wa Singida, ule wa miezi ya baridi unaotoka ziwani na kupita kwenye mawe, ulinipata mguuni kabla haujafika usoni.

Yule mtu alikuja kunitazama nyumbani na mfuko wa sukari. Alikaa sebuleni na mume wangu, akauliza habari za vitunguu, akanywa chai. Kisha akasema, na mimi nimelala pale pale kwenye mkeka:

"Shemeji, mimi nimechoma watu wengi. Sindano haifanyi hivi. Huyu amekanyaga kitu."

Kukanyaga kitu maana yake ni kutegewa uchawi njiani. Hakutaja mtu, hakuhitaji. Soko zima lilijua kuwa nilikuwa nimegombana na bibi mmoja kutoka upande wa Mgori, muuza tumbaku, kuhusu mahali penye kivuli. Gulio lililofuata watu waliacha kumwamkia yule bibi. Watoto walizunguka mbali na meza yake, na mmoja alirusha jiwe. Yeye aliendelea kusokota tumbaku yake kama haoni, ila alikuwa anaona.

Mume wangu aliuliza kama tutafute mganga. Nikamwambia, "Mimi nilikuwepo wakati naumizwa. Ilikuwa sindano. Niliisikia inafika."

Hapo ndipo nilipojua ninachokitaka. Sikutaka fidia. Nilitaka mtu yule asimame mbele ya gulio aseme, kwa mdomo wake: ni mimi, ni mkono wangu. Nilitaka asikiwe na walewale waliocheka nyuma ya kanga. Nilitaka jambo hilo kama mtu anavyotaka maji, na kulitaka huko kuliniinua kwenye mkeka kuliko dawa yoyote.

Hospitali ya mjini kulikuwa na mtaalamu wa viungo, mwanamke mrefu mwenye mikono mikavu, tukimwita dada wa mazoezi. Alinigonga goti, akanichomachoma wayo kwa pini huku nimefumba macho, akaniuliza nilichomwa wapi. Nikamwonyesha. Akavuta pumzi.

"Hapo ndipo unapopita mshipa wa fahamu mkubwa kuliko yote mwilini," alisema. "Mnene kama kidole chako kidogo. Amekuchoma katikati yake."

"Mguu utapona?" nikauliza.

"Mguu unaweza kupata nguvu kidogo. Maumivu yanaweza kukaa. Nisikudanganye."

Nilimshukuru kwa kutonidanganya. Nikamwambia anifundishe kila kitu anachokijua, na asiniruke kwa sababu mimi ni muuza mafuta. Alinifundisha. Sehemu ya mguu isiyosikia, alisema, ndiyo ya kuogopa. Nisiuweke karibu na moto hata nikihisi baridi, maana utaungua na mimi napiga soga. Kila jioni niukague kwa kioo, nitafute miiba. Ile sehemu inayowaka niizoeshe kuguswa: kwanza kwa pamba, kisha kanga laini, kisha taulo, mwisho gunia. Nilipofika kwenye gunia nililia kwa maumivu na kwa ushindi. Alikata ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli, akafunga ncha moja chini ya goti na nyingine kwenye kiatu, ukawa unavuta vidole juu nisijikwae. Na kwa maumivu ya usiku daktari wa kweli aliniandikia vidonge vidogo, vilevile wanavyopewa wagonjwa wa akili, kwa kipimo kidogo. Habari ikavuja. "Mama mafuta anakunywa dawa za vichaa," watu wakasema. Nikawajibu, "Ndiyo, na usiku nalala. Nyie mnalala?"

Watu huniuliza nilikaaje na furaha miaka ile. Wanatarajia niseme sala, na sala nilisali. Lakini ukweli ni kwamba kila nilipotaka kujifunika shuka nisitoke, nilimwona yule mtu amesimama mlangoni mwa duka lake akiuliza, "Yuko wapi mama mafuta? Bado anaumwa?" Nikaamka. Nilivaa gauni jipya. Nilipaka wanja. Nilirudi gulioni na mpira wangu wa baiskeli mguuni, nikahamisha biashara, nikakaa mbele kabisa ya duka lake, njia tu ikitutenga.

Yeye alikuwa mkubwa kwangu kwa umri, na kwetu mkubwa huamkiwa hata kama amekuua. Kila gulio nilisimama, nikasema kwa sauti ya kufika kwa wauza kuku:

"Shikamoo, daktari!"

Ilimlazimu kujibu marahaba. Watu waligeuka, wakautazama mguu wangu, wakamtazama yeye. Hilo nilifanya kila gulio, mvua na jua, na heshima yangu haikuwa na kosa hata moja.

Wakati huohuo niliulizia. Nilizunguka kwenye vibanda, nikauliza nani amechomwa duka lile na sasa ana ganzi au anaburuta mguu. Sikupokea kila jibu. Mmoja alikuwa amepooza tangu utoto, nikamwacha. Mwingine aliteguka kwenye pikipiki, nikamwacha. Waliobaki walikuwa wanawake, kasoro mwanamume mmoja mzee aliyeona haya kushusha kaptura, akaikunja kutoka chini. Wote walichomwa chini. Kila mmoja alikuwa ameambiwa amekanyaga kitu, na kila mmoja alikuwa na jirani aliyemshuku.

Nilikwenda kwa bibi wa tumbaku. Nikapiga goti kwa shida.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kunirudishia uchawi wangu? Nilikuwa nautafuta, umepotea na mguu wako."

Nikacheka, naye akacheka, meno yake yote ya tumbaku. Nikamweleza habari za mshipa. Akasikiliza huku akisokota tumbaku. Kisha akanisukumia boga lililokuwa chini ya meza, maana ulikuwa msimu wake.

"Wasichoweza kuona hawatakiamini," alisema. "Nionyeshe hapa."

Nilichukua kaa la mkaa. Nikachora msalaba juu ya boga, sehemu nne, kama dada wa mazoezi alivyonichorea kwa kidole juu ya meza. Nikaweka alama kwenye robo ya juu, ya nje. Yule bibi akaligeuza huku na huku.

"Kumbe tako lina ramani," alisema. Akaita kwa Kinyaturu wanawake waliokuwa wanapita na kuni, wakaja.

Hivyo ndivyo somo lilivyoanza. Boga lilikaa juu ya dumu langu la mafuta. Aliyenunua mafuta alifundishwa, asiyenunua alifundishwa pia.

"Hili ndilo tako lako, mama."

"Langu kubwa kuliko hilo!"

"Basi tuseme ni la jirani. Mshipa unapita hapa, chini, katikati. Ukimpandishia gauni kutoka chini, unamwonyesha nini? Mshipa. Teremsha kutoka juu. Pembeni, juu kabisa, karibu na mfupa wa nyonga."

"Na shanga?"

"Zivue asubuhi, uziache nyumbani. Au zipandishe juu ya kitovu. Mumeo anataka shanga au anataka mke anayetembea?"

Walicheka mpaka wakakaa chini. Nikawaambia pia waulize kama kuna vidonge kwanza, kwamba kidonge hakikosei mahali pa kuingia. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko shanga. Wengi walitikisa vichwa kwa adabu tu.

Yule mtu alivuka njia gulio moja, koti limefungwa vifungo vyote.

"Dada yangu, unanichafulia kazi."

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Nasema unanichafulia kazi."

"Nakuuzia wateja wenye akili. Hebu nisaidie, mwalimu wa watu. Weka kidole hapa kwenye boga. Mimi ulinichoma wapi?"

Watu walikuwa wamejaa. Hata wauza kuku walikuja, kuku wakining'inia vichwa chini mikononi mwao. Alilitazama boga. Niliona mkono wake unatoka mfukoni, kweli unatoka, na nikashika pumzi. Kisha akaurudisha.

"Mimi sifundishwi na wauza mafuta," alisema, akarudi dukani.

Bibi wa tumbaku akamsindikiza kwa sauti: "Muulize basi muuza tumbaku! Mimi si ndiye niliyemloga?"

Kuanzia hapo mambo yalikwenda yenyewe. Wanawake walianza kwenda dukani kwake na maboga. Sikuwaambia wafanye hivyo, ingawa ningependa kusema niliwaambia. Mama anaingia na mtoto mwenye homa mgongoni na boga kichwani, analiweka juu ya kaunta. "Kabla ya mwanangu, nionyeshe kwenye hili." Wa kwanza alifukuzwa. Wa pili alipigiwa kelele. Siku ile ya mwisho waliingia watatu kwa mpigo, tukasikia kutoka ndani:

"Mimi sichomi maboga! Tokeni! Mimi sichomi maboga!"

Wakatoka wanacheka. Yeye akatoka nyuma yao, akaanza kushusha kibao. Hayo nimekwisha kuyasema. Alipomaliza, alipakia maboksi kwenye baiskeli, akapita karibu na kigoda changu. Nilisimama.

"Daktari, bado hujasema."

Alisimama. Alikuwa amekonda, hilo niliona, na shingo ya koti ilikuwa imechakaa. Alitazama kiatu changu, ule mpira wa tyubu, kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kuutazama.

"Mungu atakuponya," alisema.

"Mungu hakushika sindano."

Akasukuma baiskeli akaenda. Gulio lilipiga vigelegele. Mimi nilifurahi kuliko siku ya Idi, nikagawa mafuta kijiko kijiko kwa waliokuwa karibu, na jioni mguu uliwaka vibaya sana, nikaona unastahili.

Bibi wa tumbaku alianza kuamkiwa tena. Si na wote. Wengine walisema amemshinda daktari kwa nguvu zake.

Nilipokwenda hospitali kupokea vidonge nilimsimulia dada wa mazoezi, kwa mbwembwe zote, boga, msalaba, kelele. Alicheka mahali pa kucheka. Nilipomaliza akaniuliza:

"Amekwenda wapi?"

"Wanasema Ihanja, kule barabara kubwa."

"Kufanya nini?"

Nilikuwa sijauliza. Mimi, niliyeulizia kila kibanda cha Mtinko. Aliendelea kuukunja wayo wangu juu na chini.

Mvua za mwaka uliofuata zilipokwisha, nilimkuta mama mmoja kwenye benchi la chumba cha mazoezi. Alikuwa na binti wa umri wa kuanza shule, amemkalisha mapajani. Mguu wa kushoto wa mtoto ulilala vibaya, vidole vimetazama chini. Nilivijua vidole hivyo. Nikamwamkia mama, nikauliza wametoka wapi.

"Ihanja."

"Mtoto alianza lini kuburuta?"

"Alikuwa na homa. Homa ikapona, mguu ukabaki hivi." Alimvuta mtoto karibu. "Nimeambiwa amekanyaga kitu njia ya kisimani. Nimekuja huku kwa sababu baba yake amelazimisha. Mimi najua ni nani aliyetega."

Nilisikia mguu wangu unaanza kuwaka kutoka juu.

"Nani amekwambia amekanyaga?"

"Aliyemchoma sindano."

"Ana duka? Karibu na barabara?"

"Hana duka. Anapita majumbani na baiskeli. Siku hizi wako wengi wa baiskeli."

"Ni mtu wa makamo? Amevaa koti jeupe, shingoni limechakaa? Sauti yake ikoje?"

Yule mama alifikiri. Alifikiri kweli, niliona anajaribu, macho yake yamekwenda mbali. Mlango ulifunguliwa, dada wa mazoezi akamwita mtoto. Mama akasimama, akambeba.

"Sikumtazama usoni, dada," alisema. "Mtoto alikuwa anapiga mateke. Mimi nilikuwa namshika miguu."